Godoro la Tano kwa Sita na Mume wa Viazi

Jumamosi, 5 Julai 2025

Nimeamka nimebanwa kama karatasi chini ya tofali. Tena! Godoro letu limeingia bonde katikati. Mume wangu Omari, Baba Amina, ni mtu wa miraba minne. Anapakia kabichi kwenye malori hapa Lukozi tangu hajanioa. Mimi hata nikivaa makoti mawili kwa baridi hii, watu huniuliza naumwa nini. Yeye akilala, bonde linazama. Mimi nikilala, nateremka. Na Amina, miezi minane, analala kati yetu.

Leo nimemkuta mwanangu ameishia kwenye kwapa la baba yake, pua imezama kwenye fulana. Nimemvuta. Kacheka! Mimi sikucheka. Nimempakata mpaka uji ukaungua.

Nikamwambia Baba Amina: godoro jipya, ama mimi na mtoto tunahamia Mponde kwa mama yangu. Akainua godoro, akakagua chaga, akasema chaga ziko sawa. Nani kauliza chaga?

Jioni kakubali. Viazi vyetu vimeuzwa. Ila ni hili hili moja, nichague vizuri. Hatununui lingine mpaka Amina aanze shule.

Jumapili, 6 Julai

Wifi Hadija kapanda kutoka Muheza. Hajavua hata viatu, keshajua habari za godoro. Huyu ni bingwa wa kila kitu. Hata kujifungua, ukimsikiliza, yeye alijifungua huku anasuka mkeka.

Kasema kitanda chetu ni tano kwa sita, basi tuchukue magodoro mawili ya mbili na nusu kwa sita, tuyapange ubavu kwa ubavu. Gumu la kaka yake, laini langu. Mtoto alale kwangu, upande wa ukutani. Kwake Muheza ndivyo walivyofanya, na shemeji hajalalamika. Mama mkwe, tunayeishi naye, akaitikia kwa kichwa kama yuko kwenye mawaidha. Hadija ana akili, kasema. Toka utotoni.

Magodoro mawili! Kama bweni la shule! Mgeni akichungulia atasema tumeachana ila hatujapata pa kwenda. Nimetabasamu, nikamwongezea wifi chai. Moyoni nimeapa: kabla sijafuata ushauri wa Hadija, nitalala kwenye gunia la mkaa.

Jumanne, 8 Julai

Kuna tatizo. Godoro la watu wawili lazima lijaribiwe na watu wawili. Baba Amina hataki kusikia. Mwanamume mzima akalale na mkewe dukani, Lushoto mjini, mchana kweupe? Nimemwambia tutalala na nguo zetu. Akaweka kijiko chini. Hata na makoti ya mvua, kasema, hapana. Mama mkwe kamwomba Mungu kwa sauti.

Sawa. Nikaenda kufua nepi, na hapo kwenye beseni wazo likanijia. Kumbe simhitaji mume. Nahitaji uzito wake!

Mchana nimempandisha kwenye mzani wa mazao. Nimedanganya kuwa kliniki wameuliza. Kilo tisini na nane. Na gunia la viazi ni kilo mia. Hadija anaweza kuwaza hivyo? Hadija aliyerudia darasa la nne kwa ajili ya hesabu? Kaka yake mwenyewe kaniambia.

Alhamisi, 10 Julai

Ushindi!

Duka la magodoro la Paskali, Lushoto mjini, linatazamana na soko. Nimemwendea Zuberi, muuza viazi, nikamwomba aniazime gunia kwa dakika chache. Kauliza la nini. Nikamwambia litakuwa mume wangu. Akanitazama, akamtazama mtoto mgongoni, akasema basi chagua mwenyewe, dada, mambo ya ndoa siingilii.

Nimechagua la maana. Lumbesa hasa, limejaa mpaka likashonewa kilemba juu. Nimeuliza kilo. Mia, dada, kasema Zuberi, gunia ni gunia. Wabeba mizigo wawili wamelivusha barabara wakiguna njia nzima. Nimewaambia vijana wa siku hizi mmelegea.

Paskali alitaka kulia. Nimetandika kanga juu ya godoro lake, nikalaza gunia, nikalifunika kanga ya pili kwa heshima. Kisha nikajilaza na Amina. La kwanza, inchi kumi, laini: nimeteremka mpaka nikakumbatia viazi. La pili vilevile. Mlangoni watu wamejaa. Binti mmoja kachungulia, kaliamkia gunia shikamoo baba, hakujibiwa, kaondoka akisema hajaona mzee mwenye maringo kama huyu.

Paskali kasema, mama, kama mumeo kweli ana kilo tisini na nane na wewe ndiyo huyu ninayekuona, chukua la ugumu wa wastani. Mzigo huu si binadamu. Wenye maduka bwana! Anataka kunisukumia lililomdodea.

La tatu ndilo lenyewe. Gumu! Gunia limetulia kama limewekwa kwenye saruji. Sikuteremka hata kidogo. Nimesema: hili, funga.

Ijumaa, 11 Julai

Halibonyei.

Baba Amina yuko juu yake kama sahani juu ya meza. Mimi nyonga, bega, kisigino, kila kiungo nimekihesabu. Amina kazoea kujitupa chali. Kajitupa. Kalia mpaka bibi yake kaja na taa. Hadija kalibonyeza kwa kidole, kasema linafaa kukatia nyama.

Kuna baya zaidi. Habari zimepanda na malori, na wapakiaji wote sasa wanamwita mume wangu Lumbesa. Lumbesa, njoo huku! Lumbesa, shemeji kakulaza wapi leo? Kaja kuniuliza, polepole, nilitumia gunia gani. Nimemweleza, na kilemba chake.

Kafunika uso kwa viganja. Shamsa, kasema, kila jioni nikirudi unanisugua mgongo, nakulalamikia nini? Lumbesa. Nasema nini juu ya lumbesa? Kwamba wanaita mia, na ni mia na arobaini.

Ni kweli, huwa anasema. Mimi huwa namsugua tu, na kuwaza nepi.

Lakini kosa ni la Zuberi. Kanipa mume wa uongo. Na Paskali hapokei godoro. Plastiki imetoka, na mtoto keshakojoa.

Jumapili, 13 Julai

Jana nimelikata godoro la zamani kwa urefu, nikachukua upande wenye afadhali, nikaulaza juu ya lile gumu, sehemu yangu. Ulaini wangu, ugumu wake, kitanda kimoja. Akili!

Ni kilima. Nimelala juu kama kuku kwenye paa. Nikashtuka, Amina hayupo. Kabiringika mpaka bondeni, kwenye kwapa lile lile!

Sikumvuta mimi safari hii. Baba yake alishamtoa. Nimemkuta ameketi, mtoto kifuani, macho mekundu. Kasema anaogopa kulala, asije akamlalia. Tangu lini? Tangu mtoto azaliwe, kasema. Na alfajiri alikuwa na malori mawili yanamsubiri. Mimi nilidhani analala kwa raha.

Nimemchukua Amina, nikashusha kile kipande cha sponji, nikakitandika juu ya mkeka kando ya ukuta, nikalala naye huko. Yeye kabaki juu ya ubao wake. Kabla sijavuta shuka, keshaanza kukoroma. Sauti nzuri, kumbe.

Nimeamka saa mbili asubuhi. Saa mbili!

Jumatatu, 14 Julai

Hadija kaondoka. Kabla ya kutoka kachungulia chumbani. Kaona gumu la kaka yake kitandani, laini langu chini, mtoto ukutani. Kahesabu kwa kidole: moja, mbili. Kacheka mpaka kashika mlango.

Sioni cha kuchekesha. Yake yalikuwa ubavu kwa ubavu. Yangu ni juu na chini. Hata mtoto wa chekechea anaona hayafanani.

Mchana kaja jirani yangu Klara, anaolewa mwezi ujao. Yeye kajaliwa mwili. Mchumba wake Nathanaeli ni mwembamba kama mwanzi, naye dukani haendi, anaona aibu. Kaomba ushauri wangu kwa kuwa nina uzoefu.

Nimemwambia asisikilize wenye maduka wala mawifi. Alhamisi tunashuka wote. Hesabu nimeshapiga: kwa uzito wa Nathanaeli, matenga mawili ya nyanya yanatosha, tukizimimina kwenye gunia moja. Klara atajilaza ubavuni.

Nimesisitiza ziwe zimeiva kabisa. Madhara ya ugumu nimeshayaona.