Marehemu Mama Atakaa Kiti cha Mbele

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa. Mwalimu wa uandishi, yule mama mstaafu anayekuja gerezani kwetu na kapu lake la kalamu, ametangaza siku ya kusoma. Wanawake wanne watasimama ukumbini na kusoma hadithi za maisha yao mbele ya Mkuu wa Gereza na wageni. Nilikuwa nasinzia mpaka alipofika kwenye habari ya viti. Kila msomaji ataalika ndugu zake wa karibu, na akishasoma atakaa nao saa nzima, meza moja. Bila wavu.

Huo wavu ndio adui yangu humu. Mama huja kila Jumapili, anapitisha kidole kwenye tundu, nami nakishika upande wa pili. Kidole tu, basi. Halafu anaanza kulalamika kwamba nywele zangu zimesukwa upogo, na kwamba siku akinifikia atazifumua zote azisuke upya. Ndiyo salamu yake tangu nilipofungwa.

Nimeamua. Lazima nisome. Humu ndani wananiita Mipango, na jina hilo hawakulitoa hewani.

Jumanne, 4 Machi

Tatizo: sina maisha.

Nimekaa karakanani naunga kola za sare za shule, huku nikiyapekua maisha yangu tangu mwanzo. Nililala nimeshiba. Nilipendwa. Baba hakunichapa hata pale nilipostahili. Mama ni fundi cherehani mwenye wateja tele. Kitu pekee cha kusimulia ni kesi yangu ya makochi, na hiyo watu wakiisikia hucheka. (Seti moja, wanunuzi wanne. Nasisitiza kwamba makochi yalikuwa mazuri.)

Nimefanya uchunguzi. Darasani wanaosifiwa ni wanaoliza watu. Mwalimu akivua miwani, umepita. Asipoivua, anasema umejitahidi.

Nimemchungulia Mama Pacha, anayeshona kando yangu na kulala kitanda cha juu yangu. Anaandika jinsi mapacha wake walivyobadilishana madarasa ili mmoja akwepe mtihani wa hesabu. Hadithi nzima haina hata kifo kimoja. Nimemhurumia.

Wakati wa mapumziko nikamuua Mama. Kwenye karatasi tu. Nilisita kati ya homa na ajali, nikachagua mafuriko. Yalimchukua akiwa ameikumbatia cherehani yake. Nilipofika kwenye ile cherehani ikizama, machozi yakanitoka kweli. Nina kipaji.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi mnono! Mwalimu hakuvua miwani tu, aliifuta, akaivaa, akaivua tena. Afande wa mlangoni, ambaye zamu zake si za Jumapili, alikuwa amegeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Nimechaguliwa.

Mama Pacha naye amechaguliwa, sielewi kwa kigezo gani. Watu walicheka tu.

Kuna kasoro ndogo. Wenzangu wamekuwa wema kupita kiasi. Mpishi kanipa kipande cha sabuni ya kunukia. Mama Pacha kanimiminia sukari yake yote ya juma, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hakujua nimebeba mzigo mkubwa hivyo. Nikamjibu nimeshazoea. Chai ya leo ilikuwa tamu kiasi cha kunikera.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa.

Afande kapita karakanani kuwauliza wasomaji wageni wao ni nani. Mama Pacha kataja mapacha na mama mkwe wake. Nami nikajiweka sawa kwenye kiti. Afande akanishika bega, akasema pole sana mwanangu, akapita.

Akapita! Kumbe yatima hawekewi kiti.

Nikamkimbilia mpaka mlangoni. Nikamwambia nina mama mdogo aliyenilea. Afande, ambaye kumbe aliisikiliza hadithi yangu neno kwa neno, akanikumbusha kwamba marehemu alikuwa mtoto pekee kwao. Kweli, niliandika hivyo. Uchungu ulihitaji kuongezwa kidogo. Nikajaribu shangazi. Shangazi alisombwa pamoja na daraja. Nikajaribu bibi. Bibi alikufa kwa huzuni, ukurasa wa pili, na Afande akaniambia hapo ndipo yeye alipogeukia ukuta.

Nimeufagia ukoo mzima. Sikujiachia hata binamu.

Nilirudi kwenye mashine nikashona mkono wa shati ukaziba kabisa. Msimamizi akauliza huyu mtoto atautoa mkono wapi. Nikaanza kufumua.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango mpya. Mama Pacha kapata salamu kwamba mama mkwe wake hatakuja, magoti yanamsumbua. Maana yake kuna kiti cha bibi mmoja, na bibi hayupo. Mimi nina mama, na kiti sina.

Ilibidi nimwambie ukweli. Nilimwambia tukiwa tunaanua nguo, mikono yake ikiwa imejaa mashuka ili asiweze kunifanya lolote. Nikasema mama yangu yu hai, ndiye yule mgeni wangu wa Jumapili, ana afya njema, na juzi tu kashona magauni ya wasimamizi wa harusi.

Mama Pacha aliyatua mashuka. Kisha akasema anataka sukari yake.

Nikamwambia imeshanywewa. Akasema basi atakuwa anakunywa yangu mpaka aridhike, na kwamba kuridhika kwake kutachelewa. Akasema pia kwamba alisali kwa ajili ya mama yangu, na angependa kujua maombi yale sasa yaende wapi. Akanishauri nikamweleze Mwalimu ukweli. Mama Pacha ana moyo mzuri lakini hajui mambo.

Mwisho amekubali. Mama ataingia kama mama mkwe wake, nami nitajibanza mezani kwao. Sharti moja: mezani Mama akae na mapacha, awasaidie kula bila kupigana.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimemwambia Mama, kupitia wavu, kwamba amefariki.

Alitoa kidole chake tunduni. Akauliza kafa na nini. Nikasema mafuriko. Akauliza cherehani ilikuwa wapi. Nikasema mikononi mwake. Akatikisa kichwa taratibu, akasema hapo sawa, asingeiacha.

Akataka kujua kama alizikwa vizuri na nani alilia. Nikamhakikishia kwamba mpaka askari walilia. Nikaona amefurahi, ingawa alijaribu kuficha. Halafu nikamweleza habari ya mama mkwe. Nilidhani atakataa. Yeye akauliza tu kama huyo mkwe ni mtu wa kujitanda khanga au wa kilemba.

Kidole kikarudi tunduni. Akasema nywele zimezidi kuharibika, na Jumamosi, siku ya kusoma, atakuja na kitana.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika haraka kabla taa hazijazimwa.

Ukumbi ulijaa. Mkuu wa Gereza kakaa mbele. Mama kaingia na kilemba kikubwa, anachechemea kwa ajili ya yale magoti, pacha mmoja kila upande. Alimsalimia Afande kwa unyonge mpaka nikamwonea huruma. Kachukua kiti cha mbele kabisa.

Mama Pacha akasoma. Watu wakacheka. Nikasimama mimi.

Nilianza vizuri. Mvua ikanyesha, mto ukajaa, ukumbi kimya. Mama alikuwa amefumba macho, anaufuatilia msiba wake kwa utulivu. Nikafika kwenye sehemu niliyoongeza juzi bila kupata nafasi ya kumweleza. Kwamba mama yangu alikuwa fundi maskini, taa yake hafifu, mapindo yake yakienda upogo, na wateja walimrudishia nguo.

Mama akafumbua macho.

Nikaona anasimama. Nikasoma kwa kasi ili mafuriko yamfikie kabla hajasema kitu. Sikuwahi. Akatangaza, mbele ya Mkuu na wageni wote, kwamba tangu aanze kushika sindano hajawahi kurudishiwa nguo na mtu yeyote, hata leso. Magoti yalikuwa yamepona. Akamnyooshea Afande kidole, akasema kama wanataka kuona pindo lililokwenda upogo waitazame ile sketi yake, aliyeipunguza kiuno angefungwa yeye.

Mkuu akamuuliza kwa upole yeye ni nani hasa.

Mama akashika kiuno, akajibu kwamba yeye ndiye marehemu.

Sijawahi kusikia ukumbi ukicheka namna ile. Mwalimu kavua miwani, ila safari hii sijui niihesabu vipi. Mama Pacha kajiziba uso kwa kitambaa. Pacha mmoja akauliza kwa sauti kama bibi huyu ni mzimu, mwenzake akamjibu kwamba mizimu haivai viatu.

Nikaitwa mbele ya Mkuu. Mkuu alijaribu kukasirika mara kadhaa, ikashindikana. Mwisho akasema nitasugua sakafu ya ukumbi mwezi huu wote, na kwamba nina deni la hadithi ya kweli kwa Mwalimu. Nikamwuliza kuhusu Mama. Sikuwa na hila yoyote pale, naapa. Sauti yangu ilitoka ndogo kama ya mtoto. Mkuu akamtazama Mama, akasema haoni sababu ya kumfukuza mtu aliyetoka mbali hivyo, ila kabla hajaondoka achukue vipimo vya ile sketi.

Nikapewa ile saa nzima.

Mama alinikalisha chini kati ya magoti yake, akatoa kitana, akafumua kila mkia. Alivuta kwa hasira ya miezi yote ile. Alinigomba kwa habari ya makochi, kwa habari ya mapindo, kwa kukonda. Kichwa kiliuma. Baada ya muda akaacha kugomba, akaniwekea tu mkono kichwani, ukakaa hapo. Nililia, na safari hii sikujisifu kipaji. Nilifurahi sana. Sina namna nyingine ya kuandika.

Jumapili, 23 Machi

Nimeosha sakafu mpaka magoti yamekuwa ya mama mkwe. Sukari yangu bado inaenda kwa Mama Pacha. Wiki hii anaichukua huku akitabasamu, nadhani tunaelekea kupatana.

Mwalimu ametangaza siku nyingine ya kusoma, na nami nimesamehewa mradi niandike ukweli mtupu. Nimekubali kwa moyo wote. Nimeanza leo. Nilizaliwa nyumba ya fundi, mama hodari, mapindo yamenyooka. Ukweli mtupu. Halafu nikafika kwa Baba, ambaye safari hii ndiye atakayekuja, na nikamtazama vizuri nikaona hana kasoro. Mzima kama chuma. Kila jioni anacheza mpira na wazee wenzake.

Nimemtoa mguu mmoja. Mmoja tu, wala si kifo, kwa hiyo kiti chake kipo palepale.

Nimemweleza Mama leo kwenye wavu. Nilitegemea anigombe. Akafikiri kidogo, akasema Baba anaweza kujifunza mkongojo, atamfundisha yeye mwenyewe kuanzia kesho. Akauliza mguu upi. Nikasema wa kushoto.

Nimerudi kitandani nikaisoma tena hadithi, kumbe nimeandika wa kulia. Si neno. Nimeshasahihisha. Nimeandika yote miwili.