Kobe wa Mama Mkunga

Bashasha hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Bashasha alifunguliwa, akakaribishwa kiti, akaulizwa kama anatumia sukari, na wakati wa kuondoka akasindikizwa mpaka njiani na mtu yuleyule aliyelizwa naye. Alikuwa na ulimi wa kumwuzia samaki maji, na shati moja jeupe alilolitunza kwa heshima ambayo watu wengine huwawekea wazazi wao.

Asubuhi ile alikuwa akikatiza kichochoro cha nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, akimkwepa bwana mmoja aliyenunua kwake dawa ya kuotesha nywele, aliposikia watu wakigombana upande wa pili wa ukuta. Akasimama. Ugomvi wa mali ulimfikia puani kama mkate unaotoka kwenye tanuri.

"Shemeji, lile si gari, ni kutu yenye magurudumu! Liuze chuma chakavu nipate pa kushushia saruji."

"Ndugu yako aliniachia mimi, shemeji, hakukuachia wewe na saruji yako. Nafikiria kulitengeneza."

"Kwa kitu gani? Kwa maombi?"

Sauti ya mama ikasema, taratibu, "Bado sijaamua."

Bashasha akachungulia kwenye tundu la ukuta. Uani palikuwa na gari refu la safari, lile la mbele usukani na nyuma nyumba: kitanda, jiko, sinki, dirisha lenye pazia la maua. Zamani lilikuwa jeupe. Sasa rangi imebabuka, kutu imepanda kutoka vizingiti vya milango mpaka darini, na tairi zimelala chini kama mgeni aliyeonyeshwa mlango akajifanya hajaelewa. Mtaa mzima walimwita Kobe, maana alibeba nyumba mgongoni na hakuwa na haraka ya kwenda popote.

Mwenye gari alikuwa mkunga mstaafu, mama mfupi mwenye mikono mipana. Nusu ya mtaa ilipokelewa na mikono hiyo. Mumewe, dereva wa malori, alilinunua gari kwa ajili ya uzee wao, akafa kabla uzee haujafika. Mwenye saruji alikuwa mdogo wa marehemu. Walimwita Misumari, kwa sababu aliuza misumari, na kwa sababu alikuwa na tabia ya kuokota iliyopinda, akainyoosha kwa nyundo, akaiuza tena kuwa mipya.

Kabla jasho halijamkauka, Bashasha alikuwa na mpango. Mpango wenyewe ulikuwa na uongo wa namna mbili tu, na uongo mmoja ulimsaidia mwenzake kama vipofu wanaoshikana mikono.

Alirudi baada ya saa moja, futi ya kupimia shingoni, daftari kwapani.

"Hodi mama! Mimi ni Mkaguzi wa Magari ya Makazi. Nimepita nje, nikaliona paa lako, moyo ukaniuma."

"Karibu mwanangu. Sikujua kuna mkaguzi wa hayo."

"Tuko wachache, mama. Kazi ni ngumu."

Alilipima gari urefu, upana, na kwa sababu asizozijua mwenyewe, akapima pia kivuli chake. Akagonga mlango, akanusa tanki. Mama Mkunga akaingia ndani, akatoka na ile pembe ya mbao anayotumia kusikilizia moyo wa mtoto tumboni.

"Tumia hii, mwanangu. Haijawahi kunidanganya."

Bashasha akaiweka pembe juu ya injini iliyozimwa, akatega sikio, akafumba macho. Akakaa hivyo muda wa kutosha kumwombea maiti.

"Pole, mama," alisema hatimaye. "Injini imefariki."

"Lini?"

"Kwa makadirio, miaka miwili iliyopita. Na hii kutu usiiguse. Ndiyo iliyoshikilia gari. Ukiikwangua, lote linamwagika. Kulitengeneza ni kumnunulia viatu mtu aliyekatwa miguu. Mimi nitakuondolea hapa bure, kwa ubinadamu tu."

Mama Mkunga alimtazama vile anavyomtazama mjamzito anayeapa kwamba uchungu haujaanza. Akaketi kwenye ngazi ya gari, akainama, mabega yakamtikisika kidogo. Bashasha akajua analia.

"Lichukue," alisema mama, uso kiganjani. "Ila mume wangu alikuwa dereva. Gari lake haliwezi kutoka hapa likiburutwa kama mzoga. Litoke kwa miguu yake."

"Lakini mama, injini imefa..."

"Nimepokea watoto waliozaliwa kimya kabisa, mwanangu. Unawachapa kofi moja, wanalia. Mtafutie Kobe kofi lake."

Bashasha akakumbuka kuwa gari linalotembea lina bei kubwa kuliko lisilotembea, akainama kwa adabu, akazunguka upande wa mbele, akaingia dukani kwa Misumari.

"Bwana mkubwa," alinong'ona, "unajua mna kitu gani uani?"

"Kutu."

"Sema polepole! Magari ya aina ile yalibaki machache mno. Kuna tajiri mmoja anayakusanya. Analitafuta hilohilo, likiwa linatembea."

Misumari akaacha kunyoosha msumari. "Shemeji anajua?"

"Hajui a wala be. Ameniachia mimi nikalitupe. Wewe toa vifaa, mimi nimetoa ulimi. Tukiuza, nusu kwa nusu."

Wakapeana mikono, wakatabasamu kama ndugu wa tumbo moja. Bashasha aliwaza kwamba gari likishawaka tu, atapita nalo getini, na Misumari atabaki na nusu yake ya vumbi. Misumari naye aliwaza kwamba ufunguo wa geti anao yeye. Wacha Mungu wawili walioaminiana namna ile hawakuwahi kuonekana mtaani.

Mama Mkunga ndiye aliyewaletea fundi, dada mmoja wa kuchomelea aliyeitwa Cheche, mtu wa maneno machache na miwani myeusi. Siku ya pili injini iliunguruma, ikakohoa panya mmoja, ikatulia kwenye mlio mzuri.

"Imefufuka!" mama akapiga vigelegele.

"Utaalamu tu, mama," Bashasha akasema, akiwa ameshangaa kuliko wote.

Alitaka aondoke nalo jioni ileile. Lakini alipopanda ndani, sakafu ilimfungukia. Kiuno kikabaki juu, miguu ikaning'inia chini ya gari ikitafuta ardhi, na Misumari akalazimika kutoa mabati mapya ya sakafu. Kesho yake mama alikuja na habari.

"Marehemu amenijia ndotoni. Anasema breki za nyuma."

Misumari, aliyemwogopa kaka yake akiwa hai na hakupunguza kitu baada ya mazishi, akatoa breki. Keshokutwa marehemu akasema paa linavuja upande wa jiko. Kisha akataja bomba la sinki. Kwa mtu aliyekufa, alikuwa na jicho kali ajabu. Usiku mmoja alitaja mpaka saizi ya bolti.

"Huyu kaka yako," Bashasha alilalamika, akisugua kutu kwa msasa, shati lake likiwa limepata rangi ya tofali, "hawezi kupumzika kwa amani kama wenzake?"

"Sugua," alisema Misumari. "Tajiri atalipa."

Siku moja mchana Bashasha alimkuta mama amekaa kwenye kiti cha dereva, mikono juu ya usukani, injini imezimwa.

"Tulipanga nikistaafu twende," alisema bila kugeuka. "Hatukupanga wapi. Yeye alisema, tutalala popote tutakapochoka. Miaka mitatu nalitazama hapo dirishani. Nikiamka nasema litengenezwe, nikilala nasema liuzwe. Kuamua kunachosha kuliko kuzalisha mapacha."

Huruma ilibisha hodi kwa Bashasha. Ilibisha mara mbili, haikumkuta, ikaondoka.

Siku ya kutoka ikafika. Kobe alisimama uani, rangi ya krimu, vioo vinang'aa, pazia la maua limefuliwa. Kilichokwama ni betri: Misumari, aliyekwisha toa kila kitu kipya, alishindwa kujizuia mwishoni, akaleta kuukuu aliyoipaka rangi. Ufunguo ulipozungushwa, Kobe alisema "ng'wi" akanyamaza.

"Tumsukume," Mama Mkunga alisema, akipanda mbele. Alivaa kitenge kipya, na mguuni raba. "Nyinyi wanaume ndio wenye nguvu. Niliage kwa niaba ya mume wangu, nilitoe mpaka barabarani tu, basi."

"Mimi ndiye nikae usukani, mama," Bashasha akawahi.

"Kwani bila wewe atasukuma shemeji peke yake?"

Misumari alishamfungulia geti. Alikuwa na hofu moja tu, kwamba Bashasha akikaa mbele, hatarudi. Kwa hiyo alimshika mkono, akamvuta nyuma. Bashasha alikubali, maana Misumari akiwa nyuma hawezi kufunga geti. Wakaegemeza mabega kwenye ile krimu mpya.

"Moja, mbili, sukuma!"

Walisukuma kwa mapenzi, kila mmoja akisukuma mali yake. Kobe akapita getini, akashika mteremko, injini ikapokea, moshi mweusi ukawafunika wote wawili. Ulipotawanyika, gari lilikuwa limefika njia panda. Taa ya kulia ikawaka, ikapepesa vizuri kabisa. Likakata kulia.

"Anatafuta pa kugeuzia," alisema Bashasha, akipangusa macho.

"Ndiyo. Refu lile."

Wakasubiri. Wakasubiri tena. Nyuma yao Cheche alikuwa akipanga spana zake kwenye kisanduku.

"Fundi," Misumari aliuliza, "shemeji ameelekea wapi?"

"Kwa dada yake kwanza. Baada ya hapo, popote atakapochoka."

"Na gari?"

"La kwake. Kadi ina jina lake." Cheche akavua miwani. "Mwezi uliopita aliniita nilikague. Nikamwambia injini ni nzima, ilikosa mafuta safi tu, lakini bodi, sakafu na breki vimeoza. Akasema hana uwezo huo, acha afikirie. Halafu siku ile mkaguzi alipoisikiliza injini kwa pembe ya wajawazito, mama alikuja karakana anacheka mpaka akakaa chini. Kule nyumbani ilibidi afunike uso. Akaniambia, 'Fundi, nimeamua. Litengenezwe.'"

Akafunga kisanduku, akawaaga kwa heshima, akaondoka.

Misumari aligeuka polepole. Mkononi alikuwa na koleo, na haikujulikana amelitoa wapi.

"Na yule tajiri wako," aliuliza, "yuko wapi?"

Bashasha akatazama njia panda. Akaanza kucheka, alijaribu kujizuia, ikashindikana, akacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye masizi ya uso wake.

"Amepita sasa hivi, bwana mkubwa," alisema. "Amekata kulia."

Kisha akakata kushoto, mbio.