Verni ya Serikali

Wananchi wote wa Bunia wanajulishwa kwamba sanaa ya kisasa itaingia mjini siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, na kwamba kufikia saa hiyo serikali itakuwa imeshaipaka verni ing'ae.

Tangazo hilo aliliandika Donatien, chef de bureau, mkuu wa ofisi ya Utamaduni, a.i. Herufi hizo mbili, a.i., humaanisha kwamba mtu anakalia kiti huku mwenye kiti akingojwa. Donatien alikuwa amekikalia miaka minane. Mlangoni pake jina liliandikwa kwa chaki, maana kibao cha mbao hupewa mteule, na mteule hakuwa amepatikana. Safari hii, lakini, wakubwa wenyewe wangekuja kumwona kazini. Akifaulu, kibao. Akiboronga, basi tena, arudi kufundisha darasa la tatu.

Maonyesho yalikuwa ya Dorcas, msanii, binti wa wachuuzi waliohamia Nyakasanza kutoka Butembo. Mwaka mzima alikuwa akizunguka kwa watu waliokimbia vita huko Djugu, akiazima viti walivyobeba kichwani siku ya kukimbia. Alipata kumi na viwili, vyeusi kwa moshi wa jikoni. Akavipanga ukumbini vikiwa vitupu, kila kimoja na kijikaratasi chenye jina la mwenyewe, na kazi yote akaiita *Wenyewe Watarudi*. Kisha akaipelekea ofisi barua kwa Kifaransa safi: «Vernissage: vendredi, 10 h.»

Donatien alikijua sana Kifaransa. Hata maneno asiyoyajua aliyajua. Massage ni kukanda, repassage ni kupiga pasi, basi vernissage ni nini kama si kupaka mbao verni? Maskini msanii, ameshindwa kununua, anaiomba serikali! Siku hiyohiyo akaunda Commission ya Upakaji: mwenyekiti yeye, mwanachama Kamate, seremala.

Ijumaa saa mbili asubuhi, Dorcas alipokwenda mtaa wa Bigo kumchukua mgeni wake, Commission ilifungua ukumbi.

«Patron,» Kamate akasema, «hizi viti ziko na moshi mingi.»

«Pangusa, halafu upake, urudie tena. Couche mbili.»

«Couche mbili na hii mvua? Itakauka dimanche, saa ya misa!»

«Vernissage iko saa ine. Verni haiwezi kuchelewesha serikali.»

Kamate akaguna. «Bon. Weye njo mukubwa.»

Saa tatu na nusu Donatien aliandika procès-verbal, ripoti rasmi ya ukaukaji: viti kumi na viwili, vimekauka vyote, hakuna pingamizi. Akatia sahihi, Kamate naye akatia sahihi huku akitazama dirishani, muhuri ukagongwa. Kuanzia hapo viti vilikuwa vikavu. Vile vijikaratasi alikuwa amevibandua visichafuke. Kisha akahesabu: wakubwa walioalikwa ni kumi na mmoja, viti kumi na viwili. Mungu ni mwema jamani, hata yeye atakaa.

Wakubwa waliingia wakaketi. Mbele kabisa alikaa Mheshimiwa Mratibu wa Kurudisha Watu Makwao, ndani ya costume mpya, suti ya rangi ya maziwa. Donatien alijishusha kwenye kiti cha mwisho. Alihisi ubaridi kidogo matakoni. Akaikumbuka procès-verbal, akatulia.

Dorcas akaingia na Mama Denise, mkulima wa Kpandroma aliyekimbilia Bigo kwa ndugu zake. Msichana akasimama pale mlangoni, mikono kichwani.

«Patron, mumefanya nini? Ile moshi njo ilikuwa kazi! Na sasa batu banaikalia!»

«Vernissage,» Donatien akanong'ona. «Uliomba weye mwenyewe.»

«Vernissage ni kufungua maonyesho! Ni kuonyesha watu!»

Donatien aliona haya mpaka masikio yakawaka. Miaka minane, na sasa anaangushwa na neno moja. Akainuka aombe msamaha, kiti kikainuka naye. Akakaa tena.

Mama Denise hakujali Kifaransa chao. Alipita mbele ya wakubwa mmoja mmoja, akitazama miguu ya viti, mpaka akafika kwa Mheshimiwa.

«Papa, hodi. Hii kiti iko ya kwangu. Hii muguu, bwana yangu aliifunga na waya.»

«Mama, tulia,» Mheshimiwa akajibu kwa sauti yake ya redioni. «Kila mutu atarudishiwa kitu yake, hatua kwa hatua.»

«Basi simama.»

Mheshimiwa akavuta. Verni nayo ikavuta.

«Siwezi,» akasema, na katika miaka yake mitatu ya uratibu hakuwahi kusema kweli kama siku hiyo.

Mama Denise akaketi sakafuni, akanyoosha miguu. «Haina shida, Papa. Siye tulishazoea kungojea. Leo tutangojea pamoja.»

Mlangoni watu walikuwa wameshajaa, simu juu. «Kumbe hii njo sanaa ya kisasa!» mmoja akapiga kelele. «Aa, sasa nimeelewa!» Walicheka hadi wengine wakashika kuta.

Ilibidi Kamate aje na wembe. Wakubwa waliondoka mmoja mmoja, mgongo ukutani, kila mmoja amejiziba nyuma kwa faili. Vitambaa vilibaki vitini.

Jumatatu Donatien alirudi ukumbini kinyemela. Foleni ilifika barabarani. Mama Denise alikuwa akiwaeleza wageni habari za ule waya. Dorcas hakubandua kitu. Alibadilisha jina tu, sasa kazi iliitwa *Waliokalia*. Chini ya kile kitambaa cha rangi ya maziwa paliandikwa: «Mheshimiwa Mratibu. Mbao, verni, costume. Mwenyewe atarudi.»

Kwenye kiti cha mwisho Donatien aliitambua suruali yake ya pekee ya kazi. Chini yake palikuwa na kibao. Kibao cha mbao kabisa, kazi ya Kamate, na jina lake limeandikwa vizuri: «Donatien, chef de bureau a.i.»

Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akalowesha kidole kwa mate, akasugua zile herufi mbili za mwisho. Wapi! Kamate alikuwa amepaka verni, couche mbili, na safari hii ilikuwa imekauka.