Tarishi Asiyekata Tamaa

Jumatatu, 11 Novemba 2024
Nimemaliza Tarishi! Ni maktaba ya programu, yaani msimbo ambao programu nyingine huuazima kufanya kazi fulani, na nimeiandika mwenyewe mwanzo mpaka mwisho. Vijiprogramu vya chama chetu cha ushirika wa korosho havina seva yao. Vinakaa kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi za mbali, vikiitwa vinaamka, vikimaliza kazi vinalala. Lazima awepo wa kuvipelekea maombi mtandaoni, naye ndiye Tarishi. Asipojibiwa ndani ya sekunde moja, anatuma tena. Na tena. Veronika wa meza ya pili kasema maktaba za namna hiyo zipo za bure, dunia nzima inazitumia, na zina kikomo cha kurudia. Nimemjibu kwamba dunia nzima haijawahi kukaa Likombe mtandao ukisuasua.

Jumatano, 13 Novemba
Tarishi kaanza kazi. Kawajulisha wakulima mia nne: mnada Ijumaa, saa nane mchana. Ni lazima wawepo, maana bei ikisomwa wao ndio wa kuikubali au kuikataa. Kumbe kampuni inayotusambazia meseji hujibu baada ya sekunde mbili. Tarishi akadhani hajasikika. Mpaka namzima, kila mkulima kapata meseji thelathini na saba. Mwenyekiti Mustafa kaniuliza, kwa upole, kama naumwa. Nikasema sasa hakuna atakayedai hakuambiwa.

Alhamisi, 14 Novemba
Mnada wa kesho umewahishwa, sasa ni saa mbili asubuhi. Nimetuma taarifa. Haifiki. Veronika anasema wakulima wamezima simu kwa sababu yangu. Mimi nasema ni chaji. Kapanda bodaboda kwenda vijijini kuwaambia kwa mdomo. Dharau ya wazi kabisa.

Ijumaa, 15 Novemba
Viti vitupu. Bei ikasomwa, bei ya aibu. Wakauliza kama kuna anayepinga. Kwa kweli niliogopa. Korosho za msimu mzima zilikuwa zinaondoka hivi hivi. Nyuma kabisa akasimama Bi. Mwanahamisi, mkulima pekee ambaye Veronika alimpata kabla bodaboda haijapata pancha. Akasema bei haitaki, wenzake pia hawaitaki, na aliyemtumia meseji thelathini na saba naye hamtaki. Mwenyekiti akaahirisha mnada mpaka Jumatatu. Watu wakampongeza Veronika. Meseji zangu ndizo zilizompandisha mama yule hasira ya kusema, lakini hilo hakuna aliyelitaja.

Jumamosi, 16 Novemba
Agizo la Mwenyekiti: niwaombe radhi wakulima wote, niwape siku mpya, na nitumie ile maktaba ya bure aliyoisema Veronika. La sivyo Jumatatu nisionekane ofisini. Wakulima wamewasha simu tena.

Nimekaa, nimejichunguza kwa haki. Kosa nimeliona: sekunde moja ilikuwa ndefu mno. Nimempa Tarishi nusu. Namba yangu pia nimeiweka kwenye orodha, nishuhudie mwenyewe. Nimebonyeza.

Simu imelia. Chama kinaomba radhi kwa usumbufu.

Inalia tena.