Ombi la Kurudishiwa Harufu ya Mabwawa

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi wa Majitaka,

Pole na kazi ya kuongoza watu pamoja na maji yao. Mimi ni karani mdogo katika ofisi ya mabwawa ya majitaka huku bondeni, meza ya mwisho kabla ya choo. Barua hii ilipaswa kupitia kwa Msimamizi wangu, lakini namwogopa. Nawe pia nakuogopa, ila wewe uko mbali.

Mheshimiwa, tangu mlipoleta zile mashine za kupuliza hewa majini, mkapanda na matete ya kuchuja uchafu, harufu imekwisha kabisa. Bonde letu limezungukwa na milima, upepo hauna pa kutokea, na harufu ile ilikuwa imetulia hapa miaka yote kama mwenyeji. Imeondolewa bila sisi wakazi kuulizwa. Madhara yake ni haya:

1. Shangazi yangu amekuja. Kila alipoandika kwamba anataka kunitembelea, nilimjibu kwa heshima zote kwamba ningefurahi sana, ila kuna harufu. Mlipotangaza redioni kwamba imekwisha, kesho yake alipanda basi. Sasa yeye analala kitandani kwangu, nami nalala jikoni, miguu chini ya meza. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu alilichukua mwenyewe siku ya kwanza, na sasa nina bustani.

2. Zamani mwananchi mwenye malalamiko aliingia ofisini ameziba pua, akasema neno moja, akatoka mbio. Sasa wanavuta kiti. Jana mzee mmoja alinisimulia habari za choo chake tangu kilipochimbwa na marehemu baba yake.

3. Maharusi wanakuja kupiga picha kando ya bwawa la tatu kwa sababu ya bata. Bibi harusi mmoja aliniuliza maji haya mazuri yanatoka wapi. Nilimwambia yanatoka mlimani. Si uongo, Mheshimiwa. Huko juu nako kuna vyoo.

4. Shangazi amefika hadi ofisini, na chakula changu kwenye bakuli lenye mfuniko. Alimkuta Msimamizi akinifokea, akamwambia, "Baba, huyu ukimfokea hashiki kitu. Mwambie taratibu, atafanya." Tangu siku hiyo Msimamizi huniambia "tafadhali". Sijui ananipangia nini.

5. Kila jioni Shangazi hunipokea mlangoni na kuniuliza siku yangu ilikuwaje, na jibu fupi halikubali. Nimeanza kumweleza. Hapa ndipo penye hatari, Mheshimiwa. Mtumishi wa umma akizoea kuulizwa hali, ataanza kuwauliza wenzake. Wenzake watajibu. Ofisi nzima itakuwa inajuliana hali, hakuna atakayeangalia mashine, mabwawa yatafurika, na bonde zima litazama kwa sababu ya ukarimu.

Kwa hiyo naomba harufu irudishwe, hata kama si yote. Siku mbili kwa wiki zingetosha, iwe ya wastani, na ielekezwe upande wa nyumba yangu. Mashine moja ikizimika kwa bahati mbaya, mimi sitauliza.

Nisalimie wahandisi wote, dereva wa gari la kunyonya majitaka, na yule aliyebuni habari ya matete, ambaye simchukii.

Ni mimi mtumishi wako, ninayetetemeka lakini nipo kazini,
Karani, meza ya mwisho.

Nyongeza: Shangazi amefuta vumbi mezani, na kwa kuwa husoma kila anachokifuta vumbi, ameisoma barua hii. Hakukasirika. Amesema pua yake haijasikia harufu yoyote tangu alipougua surua utotoni, jambo ambalo ukoo mzima unalijua isipokuwa mimi, kwa sababu sijawahi kumuuliza hali. Alikuja kuangalia kama tatizo lilikuwa ni harufu au ni yeye. Anasema jibu amelipata, na sasa anakunja nguo zake, aondoke na basi la Jumamosi.

Mheshimiwa, naomba kufuta namba 1 hadi 5. Badala yake, ule mtaro wa bomba unaopangwa kukata barabara mwezi ujao, naomba uchimbwe wiki hii, kabla basi hilo halijapita. Uwe mpana. Nitakuja kusaidia kuchimba, jembe tunalo.