Malalamiko Kuhusu Bandari Iliyo Salama Kupita Kiasi

Boti Kievit, Gati la Pili,
Bandari ya Maboti ya Oudewier,
Friesland.
9 Februari

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mahali pakavu. Mimi naandika nikiwa ndani ya boti ya mita kumi, nimevaa soksi jozi tatu. Nimelisoma jarida lako kwa miaka ishirini na sita bila kukuandikia, hata ule mwezi mlipochapisha picha ya fundo la kamba juu chini. Safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Septemba mlitoa makala ya kurasa nne kuhusu namna ya kuchagua bandari salama kwa mtu anayetaka kuishi botini majira ya baridi. Mke wangu, Tjitske, alifariki Machi. Nyumba ilinishinda, maana kila kabati nililofungua lilikuwa na kitu chake. Nikaamua kuhamia kwenye boti, ambako hakuna mtu wa kuniuliza nimeamkaje. Binti yangu Renske alikubali kwa sharti moja tu, kwamba bandari iwe salama. Tukakaa mezani na makala yenu, tukaipitia mstari kwa mstari: ukuta wa kuzuia mawimbi ya kaskazini-magharibi, umeme usiokatika, bomba lisiloganda, msimamizi anayekaa mwaka mzima, ngazi za kutokea majini, na mwisho kabisa, majirani wanaoishi humo humo. Oudewier ilipata alama kumi kwa kumi.

Hao majirani, Ndugu Mhariri, mmewaandika kama faida. Naomba uyasome madhara yake.

1. Kila asubuhi saa mbili na nusu, maboti yote kumi na moja huitana kwa redio. Asiyeitika hufuatwa. Novemba nilinyamaza kwa makusudi, nione itakuwaje. Kabla sijamaliza kahawa watu wanne walikuwa juu ya sitaha yangu, mmoja kashika shoka.

2. Nimefunga boti kwa miaka arobaini na hakuna iliyowahi kuniponyoka. Baada ya upepo mkali wa Desemba nilikuta kamba zangu nne zimekuwa kumi na nne. Msimamizi, Bwana Sjoerd, alinieleza kwa upole kwamba kila mtu alileta moja. Leo hii, hata nikitaka kutoroka, nitahitaji nusu siku ya kufungua kamba.

3. Jirani yangu wa kushoto ni Bi Hiltje, mwalimu mstaafu wa kuogelea. Yeye anaamini kwamba mwanamume aliyefiwa na mke hajui kupika. Ni kweli sijui, lakini hilo ni jambo langu. Kila Jumatano huacha sufuria ya supu ya njegere kwenye sitaha yangu na kuondoka bila kubisha hodi, ili nisipate nafasi ya kukataa. Ni nzito hata kijiko husimama chenyewe. Siku moja nilimrudishia sufuria ikiwa chafu, nikitumaini atauelewa ujumbe. Alielewa kwamba naumwa, akaleta sufuria mbili.

4. Nimechaguliwa kuwa katibu wa Kamati ya Kuvunja Barafu katika mkutano ambao sikuhudhuria. Nilipopinga, niliambiwa pingamizi langu litaingizwa kwenye kumbukumbu za kikao, ambazo huandikwa na katibu.

5. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Jumanne ya tarehe 28 Januari ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Tjitske. Nilizima redio mapema. Nilitaka kutembea hadi mwisho wa gati, nikae na mke wangu peke yangu, bila supu na bila kamati. Gati lilikuwa na barafu nyembamba isiyoonekana. Hatua ya sita niliingia majini, mimi na koti langu lote.

Maji ya Januari sitakuelezea. Nilipigapiga mikono na kumeza bandari kiasi. Nilipofumbua macho nilimwona Bi Hiltje juu yangu, kavaa gauni la kulalia na viatu vya mpira.

"Wybren," alisema, "simama."

Nilimwambia siwezi, nazama.

"Simama kwanza, halafu uzame."

Nikasimama. Maji yalinifika kifuani.

Hata hivyo mikono ilikuwa imekufa ganzi na ngazi sikuweza kuishika. Yule mama wa miaka sabini na moja alishuka ngazi ile na gauni lake, akanikamata ukosi, na wengine wakanivuta kama gunia. Kumbe redio yangu ilipokaa kimya walikuwa tayari njiani. Walinivua nguo zote ndani ya boti ya Bi Hiltje, wakanivisha sweta lenye picha ya bata, wakaniketisha kando ya jiko.

Hapo nililia. Niliwaambia ni baridi. Hakuna aliyebisha. Watu kumi walijibana mahali pa watu watatu wakinywa kahawa, na hakuna hata mmoja aliyetamka neno la faraja, ambalo ningeweza angalau kulikasirikia. Bwana Sjoerd aliniuliza tu leo ni siku gani. Nikamwambia. Bi Hiltje akauliza Tjitske alipenda keki gani. Nikajibu hakupenda keki, alipenda mkate wa sukari, ile ncha yake iliyokauka, na kwamba katika miaka thelathini na nane hakuwahi kuniachia ncha hata moja. Baada ya hapo sikuweza kunyamaza. Nilizungumza saa mbili mfululizo. Tangu Machi sikuwa nimezungumza saa mbili, hata ukijumlisha siku zote.

Sasa nikuulize, Ndugu Mhariri: ikiwa mtu amejitwalia huzuni yake, akaipeleka mahali pa siri, halafu watu kumi wakamchukulia robo tatu mchana kweupe, je, bandari hiyo ni salama?

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, katika makala ijayo majirani wahamishiwe kwenye orodha ya hatari, kati ya moto na kutu. Pili, nitajie bandari moja mbovu. Iwe na ukuta uliopasuka, ngazi iliyooza, redio iliyokufa na msimamizi mlevi. Nitahamia mara moja, nikishamaliza kufungua kamba.

Wasalimie wote ofisini, na hasa yule mpiga picha wa mafundo. Renske naye anakusalimu. Anasema sauti yangu siku hizi imebadilika, lakini hajasema imekuwaje.

Wako, mwenye unyevu hadi kwenye mifupa,
Wybren Hoogland

Tanbihi: Tafadhali lifute jina la bandari hapo juu kabla ya kuchapisha. Nafasi za majira yajayo ya baridi ni chache, na yangu nimeiandikisha jana. Wasomaji wako wakiulizia, waambie bomba linaganda na watu wake hawasalimiani.