Moja, Mbili, na Kiti Kilichopotea

Hivi wewe, umewahi kulipa kiingilio ili umsikilize mtu akihesabu moja, mbili? Usicheke. Ukumbi mzima ulilipa, na walioiitikia hiyo moja, mbili mpaka makoo yakakauka walikuwa watu wazima wenye akili zao, akiwemo mwalimu mstaafu aliyevaa tai.

Aliyewalipisha aliitwa Kambale. Jina hilo alipewa kwanza kwa ajili ya masharubu yake, marefu na membamba, yakining'inia huku na huku kama ya samaki mwenyewe. Na pili kwa sababu kila aliyewahi kumkamata alibaki na utelezi mkononi. Miji yote ya karibu alikwisha kuimaliza. Katika mmoja aliuza tangi la maji la jirani wakati jirani yuko bafuni. Katika mwingine alichangisha harusi ambayo haikuwa na bibi harusi, wala bwana, wala siku. Huu ndio ulikuwa mji wa mwisho ambao watu wake bado walimjibu salamu, na yeye alikuwa na jambo moja tu moyoni: apate mfuko mmoja ulioshiba, apande basi la jioni, aende mahali ambapo masharubu yake hayajulikani.

Basi, siku hiyo alikuwa amejibanza gereji kwenye kivuli cha lori bovu, likaingia basi la bendi. Ungelitambua tu. Ubavuni limechorwa gitaa, juu yamefungwa masanduku kwa turubai, na madirishani yameanikwa mashati ya jukwaani yanayometameta, moja limebanwa mkono na kioo linapunga kama linaaga. Akashuka kiongozi wao, Jemedari, miwani myeusi na viatu vyeupe. Akashuka mpiga dramu, ambaye hata kabla hajafika chini alikwisha kuupigapiga mlango. Wa mwisho kushuka alikuwa mtu mwembamba, mkimya, kajizungushia nyaya begani kama mkufu. Huyo alikuwa fundi mitambo. Akapanda juu, akatia mkono chini ya turubai, akautoa umelowa.

"Jemedari, mvua imeingia," akasema. "Onyesho la kesho hatupandi jukwaani kabla ya kujaribu kila kitu. Tutafute mahali penye umeme, leo hii."

Masharubu ya Kambale yakacheza. Akamsogelea fundi kama aliyempoteza ndugu na sasa kampata.

"Pole, kaka. Kazi yenu ngumu. Wewe unapiga chombo gani?"

"Sipigi. Mimi nasema moja, mbili."

"Halafu?"

"Halafu nashuka."

"Na tatu je?"

Fundi akatazama huku na huku kabla ya kujibu. "Tatu ni ya Jemedari. Kwenye bendi yetu, mtu akisema tatu kwenye maiki, mpiga dramu anaingia, na akiingia yeye wote tunaingia. Hana breki yule. Kwa hiyo mimi naishia mbili. Mji baada ya mji, mbili."

"Na hujawahi kutaka kitu zaidi?"

Fundi aliufuta waya uliokuwa mkavu, akaufuta tena.

Kambale hakuwa na nafasi ya kusikiliza huzuni za watu. Alikwisha kumfikia Jemedari. "Mkuu, shangazi yangu ana ukumbi. Umeme upo, jukwaa lipo, bure kabisa. Anapenda muziki mno. Ila ndugu zake watachungulia kidogo."

"Wachungulie," Jemedari akasema, na kurudi kivulini.

Huyo shangazi alikuwa hajui kama ni shangazi. Alikuwa mjane mmoja mwenye ukumbi wa sherehe, mnene wa sauti kuliko mwili, wakimwita Mama Viti. Viti vyake vilikuwa vya plastiki, vyeupe, kila kimoja kimepakwa alama ya rangi nyekundu chini ya kikalio, na alivijua kama mtu anavyojua wanawe. Ukumbi wake ulikuwa na sheria moja: sherehe ikiisha, geti linafungwa, ufunguo anaufunga kwenye pindo la kanga, na hatoki mtu mpaka viti vimehesabiwa vyote. Bibi harusi mmoja alikesha humo na keki yake.

"Shikamoo, mama," Kambale akasema.

"Marahaba. Viti haviazimwi, vinakodiwa."

"Sikuja kuazima, mama yangu. Nimekuletea bendi ya Jemedari. Itapiga hapa leo alasiri, bure."

Mama Viti akaacha kufuta kiti. "Bure kwangu au bure kwao?"

"Bure kwa kila mtu! Wanaupenda mji wetu. Watu wataingia bila kulipa, nao wakiingia watasikia kiu, na wakisikia kiu, mwenye soda ni nani?"

Hapo uchoyo wa Mama Viti ukamshika mkono ukamketisha. Akaziona soda zikiondoka. "Na viti vyangu? Nani dhamana?"

"Mimi mwenyewe. Kikipotea kimoja, nishike mimi."

Neno hilo alilitamka kwa wepesi sana. Mtu akiwa na haraka hutia saini kwa mdomo.

Alitoka na kiti kimoja, kwa kuwa miguu yake haikupenda kusimama, akakiweka kwenye kona ya nyuma ya ukuta, Mama Viti asipoweza kumwona. Tiketi alizikata kutoka kalenda ya mwaka uliopita na kuzipiga muhuri kwa kizibo cha soda kilichochovywa kwenye wino. Akapaza sauti: Jemedari, leo tu, mara moja tu! Watu wakaja kama waliokuwa wamejipanga tangu asubuhi. Mfuko wake, mkoba wa ngozi wa kike ambao sitauliza aliupata wapi, ukanenepa mpaka zipu ikagoma.

Sasa alitakiwa aondoke. Hata wewe ungeondoka. Lakini bado walikuwa wanakuja! Akamwuzia huyu, akamwuzia na yule, na alipowasindikiza wa mwisho mpaka mlangoni ili wasimgeukie, Mama Viti akalivuta geti nyuma yake, kling, akakaza fundo la kanga.

"Ukumbi umejaa. Ingia, dhamana."

Kambale akajikuta ndani, kaukumbatia mkoba wa kike kifuani. Na Mama Viti alikuwa na desturi ya kupekua mikoba ya wanaotoka, kwa sababu ya vijiko vyake. Akajipenyeza nyuma ya jukwaa. Huko kulikuwa na spika kubwa kuliko zote, tupu kabisa ndani. Bendi nyingi hubeba moja ya namna hiyo ili jukwaa lijaze macho. Mfuniko wa nyuma ulishikwa na kamba tu. Akautumbukiza mkoba humo, akafunga. Watakapopakia, alijiambia, nitawasaidia kubeba, na nikifika nje nautoa.

Jukwaani fundi alikwisha kuanza kazi yake. Aligonga maiki kwa kidole. Pu, pu. Ukumbi ukatulia.

"Moja," akasema. "Mbili."

Watu wakatazamana.

"Moja. Mbili."

"Huu ni muziki wa kisasa," mwalimu mstaafu akawaeleza waliokaa karibu, akikaza tai. "Unaanza polepole. Inabidi uusikilize kwa kichwa."

Mwanamke wa safu ya mbele alikwisha kutoa leso. "Amenigusa mno," akamwambia shoga yake. "Mimi mmoja, mume wangu akachukua wawili. Huyu kaka nani kamweleza habari za nyumbani kwangu?"

"Moja, mbili," akasema fundi, bila habari.

"MOJA! MBILI!" ukumbi ukajibu.

Fundi akaruka. Maiki ikatoa mlio mkali, ule wa kukata sikio, na watu wakaupigia makofi yasiyo kifani. "Ongeza besi," fundi akamwambia mwenzake, na safu zote zikadakia: "Ongeza! Ongeza! Ongeza besi!" Mpiga gitaa akajaribu uzi mmoja, tinn, akaukaza, tinn, na vijana wa nyuma wakacheza hiyo tinn kwa mabega.

Jemedari, aliyekaa pembeni anatafuna mkate, akashusha miwani. "Shangazi yako ana ndugu wengi," akamwambia Kambale.

"Ukoo wetu mkubwa, mkuu."

"Na wanashangilia kuhesabu?"

"Ni ukoo wa wahasibu."

Mambo yalikwenda vizuri namna hiyo mpaka mitambo ikawa imejaribiwa yote. Jemedari akapunga mkono: tufungashe. Fundi akaanza kukunja nyaya, na ukumbini ukaingia ule ubaridi ambao matapeli wote wanaujua.

"Ndiyo imeisha?" mtu akauliza.

"Wimbo ni huo huo mmoja?"

"Mwenye kuuza tiketi yuko wapi? Yule mwenye masharubu!"

Mama Viti, aliyekuwa akibeba kreti ya soda, akasimama. "Tiketi gani?"

Kambale akaona mji wake wa mwisho unafunga mlango. Akamrukia fundi, akamshika shati. "Ndugu yangu, endelea! Sema chochote, usishuke!"

Fundi akautazama umati. Maisha yake yote alikuwa amewaona watu kwa pembeni, wakimsubiri ashuke. Hawa walikuwa wanamsubiri yeye. Akaisogelea maiki.

"Moja."

"MOJA!"

"Mbili."

"MBILI!"

Akamtazama Jemedari mwenye mkate mdomoni. Akaitazama maiki. Akavuta pumzi kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi.

"Tatu."

Mpiga dramu alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Mikono yake haikumngoja. Ikaingia, ikafuatwa na besi, besi ikayavuta magitaa, na Jemedari mwenyewe, kwa mazoea ya miaka, akajikuta katikati ya jukwaa anaimba, makombo ya mkate yanaruka mpaka safu ya kwanza. Hakuna aliyejua namna ya kusimamisha. Wakapiga wimbo huo wakaunganisha na mwingine. Mwalimu mstaafu alivua tai akaizungusha hewani. Yule mwanamke wa leso alimsamehe mumewe, akabadili mawazo, akamsamehe tena. Na swali la tiketi likakanyagwa na miguu ya wachezaji.

Muziki ulipokwisha, watu walitoka jasho na tabasamu. Mama Viti akapanda juu ya kreti.

"Kaeni! Nahesabu!"

Akahesabu kwa kugusa, kiti kwa kiti, akipindua kuona alama. Akarudia. Uso wake ukabadilika.

"Kimoja hakipo."

Kambale alijua kilipo. Kilikuwa nje, kwenye kona ya ukuta, bado pengine kina joto lake. Lakini angesema nini? Kiti kilifikaje huko, na yeye alikuwa anakalia nini, na kwa biashara gani? Akajifanya anatafuta. Akachungulia chini ya jukwaa. Akamwuliza mwalimu kama hakukibeba kwa bahati mbaya.

Nyuma, basi la bendi lilikuwa limesogezwa kwenye mlango mkubwa. Mama Viti aliwakagua wanamuziki waliobeba masanduku. Kiti cha plastiki hakuna, piteni. Ile spika tupu ikapita, imebebwa na fundi na mpiga dramu, na fundi akasema, "Leo imeongezeka uzito hii."

"Niwasaidie!" Kambale akapiga mbio.

Mkono wa Mama Viti ukamkamata kola, na huu haukuteleza. "Dhamana, unakwenda wapi?"

"Kuwaaga, mama."

"Waage kwa mkono."

Basi likawashwa. Likakohoa. Ule mkono wa shati linalometameta ukaanza kupunga dirishani. Kambale akatazama basi, akatazama kola yake, masharubu yamelowa, na mwisho maneno yakamtoka kwa sauti ya kilio:

"Kiko nje! Nilikikalia nikiuza tiketi! Fungua, mama, pesa zote zinaondoka na spika!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, maana wao walikuwa wameshaona muziki wao. Mama Viti peke yake hakucheka.

"Umekalia kiti changu," akasema taratibu, "alasiri nzima, kwa biashara. Bila kukodi?"

Na basi likakata kona. Kambale alibaki mjini. Kila sherehe ikiisha ndiye anayepindua viti na kusoma alama nyekundu, na Mama Viti akimaliza kuhesabu anamhesabu na yeye.

Huko barabarani, kilomita kadhaa mbele, spika ile ilikuwa inagongagonga kwenye matuta. Fundi akafungua kamba. Akautoa mkoba wa kike ulioshindwa na zipu yake, tiketi za kalenda zikamwagika pamoja na noti, na bendi yote ikaelewa mara moja ukoo wa wahasibu ulikuwa ukoo gani. Wakacheka mpaka dereva akasimamisha gari.

Jemedari akavua miwani, jambo ambalo si la kila siku. "Tumeipigia kazi pesa hii, ni yetu. Lakini aliyetuanzisha ni fundi. Fundi, wewe chagua kwanza. Sema unachotaka."

Mpiga dramu akaacha kupiga kiti cha mbele yake. Fundi aliusukuma mkoba kando. Akaokota maiki iliyokuwa miguuni pake, haina waya wala umeme, akaigonga kwa kidole kama kawaida yake, akaisogeza mdomoni.

"Ile tatu," akasema. "Nataka iwe yangu."